Ngege Hawapiti Mbele ya Ng'ombe

Vijana wa kambi yetu ya wakimbizi hunisimamisha pale Base Camp, penye ofisi kuu, na kuniuliza: mzee, katika njia zote ulizopita na baiskeli, ipi ilikuwa nzuri kushinda zingine? Wao wana pikipiki, njia kwao ni petroli tu. Nawajibu bila kuzunguka. Njia nzuri ni ile inayokufikisha mzigo haujaharibika. Mengine ni maneno ya watu wasio na mzigo.

Nikiwa peke yangu nasema ukweli zaidi kidogo. Zipo njia nilizozipenda zenyewe tu. Nilisoma miaka mitatu tu, shule ya misheni kule Fizi, Kongo, baba akanitoa kwa sababu alihitaji mikono. Kwa hiyo sina vitabu vya kusimulia. Nina njia. Mwingine anajua sura za Biblia kwa moyo, mimi najua mawe. Naweza kukuambia jiwe gani liko upande gani wa kona gani, na nani aliangukia hapo.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa kwetu, kati ya milima na ziwa Tanganyika. Huko baiskeli tunaiita kinga. Nilibeba mawese, madumu manne nyuma na moja limefungwa mbele kwenye fremu. Asubuhi mchanga wa pwani umelowa, ni mgumu kama sakafu, unapita umekaa wima kama shefu wa kijiji. Mchana mchanga umekauka, unashuka na kusukuma, na kila mtu anakuona unasukuma. Kwa hiyo nilikuwa naamka mapema, si kwa bidii, ni kwa sababu sikupenda kuonekana nasukuma. Kulikuwa na vijito, na juu ya kila kijito magogo mawili. Unapita juu ya gogo moja. Ukitazama maji umekwisha. Watu wengi walitazama maji. Mimi sikutazama hata mara moja, na mpaka leo nalisema hilo bila aibu.

Mwaka wa tisini na sita tuliondoka kwa miguu. Kinga yangu niliiacha imeegemea ukuta wa jiko. Sitaki kusema mengi juu ya hiyo.

Huku Uganda, kambi ya Nakivale, tulipewa kiwanja, turubai, jembe na sufuria. Baiskeli hakuna anayekupa. Niliijenga mwenyewe, na ilinichukua karibu miaka miwili. Fremu niliipata Kabingo kwa fundi aliyekuwa ameitupa nyuma ya kibanda kwa sababu imepinda. Niliipasha moto, nikaigonga juu ya jiwe mpaka ikanyooka. Gurudumu la mbele lilitoka kwa Mrundi, la nyuma kwa Mnyarwanda, mnyororo ulitoka kwa mtu aliyerudi kwao. Watu walicheka wakasema baiskeli hii ni ya Umoja wa Mataifa. Wacheke. Karia ya nyuma niliitengeneza kwa nondo, nikaweka mbao mbili juu. Karia ile ingebeba ndama.

Nikaanza kuzijua njia za huku. Upande wa Juru ni vilima na upepo. Unapanda nusu ya asubuhi, ukifika juu unaona ziwa lote la Nakivale limelala chini, na baada ya hapo unashuka kwa muda wa kumaliza kusema Baba Yetu mara mbili. Breki zinanuka. Siku moja nilishuka na magunia mawili ya mahindi, mpira wa breki ukaisha, nikatumia soli ya kandambili. Kandambili ikaisha, nikatumia kisigino. Nilifika. Njia ya Juru naipenda kwa mteremko ule, si kwa kitu kingine.

Upande wa Kaberebere njia inapita ndani ya migomba. Kivuli tangu mwanzo mpaka mwisho, na chini majani makavu yanapiga kelele kama mtu anayekufuata. Kiangazi ni njia ya mfalme. Mvua ikinyesha, ule udongo unashika gurudumu, unajaza chini ya madigadi, baiskeli inasimama yenyewe katikati ya njia kama punda aliyekataa. Unabeba kijiti kiunoni cha kukwangulia. Asiye na kijiti Kaberebere si mtu wa baiskeli, ni mgeni.

Ruti, ukingoni mwa mji wa Mbarara, sikuipenda. Nilipeleka maharage huko mara nyingi, kwenye barabara ya Kabale, ni lami nzuri, lakini malori ya ndizi yanakusukuma mpaka mtaroni na dereva anakutukana akiwa ameshapita. Kakiika ni afadhali, kuna vichochoro vya mashamba, watu wanakuachia nafasi, mtu atakuuliza umetoka wapi, na ukisema Nakivale atakupa maji ya kunywa bila kuombwa.

Sasa njia niliyoipenda kuliko zote ni njia ya ranchi. Inatoka upande wa kaskazini wa kambi, inapita nyika ya wafugaji, halafu inatokea kwenye lami ya Masaka upande wa Biharwe. Kutoka hapo mpaka Makenke, kwenye kambi ya jeshi, ni kukanyaga tu. Nyasi fupi, ardhi ngumu, miiba michache. Asubuhi punda milia wanasimama njiani wanakutazama kama askari wa kizuizi, ukipiga kengele wanaondoka bila haraka. Sikuigundua mimi. Niliwaona wabeba maziwa wakitokea kichakani na madebe yao kwenye baiskeli, nikawauliza wanatoka wapi. Wakasema: kwa mzee, lakini kamuombe kwanza, hii si barabara ya serikali.

Nikaenda kumuomba. Mzee wa ranchi alikuwa mrefu, mwembamba, kofia kichwani na fimbo mabegani, mikono imeninginia juu ya fimbo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza mafahali kwa wanajeshi miaka mingi.

"Wewe iko Mkongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Nabeba nini?"

"Maharage. Mahindi."

Akaingia ndani. Mke wake akatoka na maziwa kwenye chombo cha mti, chombo kinanukia moshi wa majani, maana wanakifukiza kila siku. Nikanywa yote. Mzee akatazama chombo kama kimebaki kitu. Hakikubaki.

"Pita," akasema. "Lango, unakuta imefunga, unaacha imefunga."

Tangu siku ile nilipita karibu na nyumba yake, kati ya zizi na birika la kunyweshea, mwaka mzima na zaidi, na lango sikuliacha wazi hata mara moja.

Halafu likaja jambo la samaki. Nyuma ya Makenke wake za wanajeshi wana kisoko chao. Wengi wanatoka mbali, kaskazini na mashariki, ni watu wanaopenda samaki, na hapa Mbarara samaki aliyefika mzima ni kama mgeni wa heshima. Mama mmoja, mke wa sajini, mnene na mkali, siku moja aliniuliza ninakotoka. Nikamwambia Nakivale.

"Nakivale si iko na ziwa?"

"Iko."

"Na wewe unaniletea maharage? Wewe mzee, iko na akili kweli?"

Kesho kutwa yake nilimletea ngege, wale samaki wapana wa ziwa letu. Akafunua shavu la samaki, akaona bado jekundu, akaita wenzake. Walikwisha kabla sijafungua kikapu cha pili. Hapo ndipo maisha ya nyumba yangu yalipobadilika. Watoto wakapata viatu vya shule, na baadaye nyumba ikaacha turubai ikapata bati. Lakini elewa hesabu ya jua. Wavuvi wanaleta nyavu saa kumi na mbili. Kwa njia ya ranchi niko Makenke saa nne na nusu, samaki wamefunikwa majani mabichi ya mgomba, wako sawa. Kwa barabara kubwa, kuzunguka Kabingo na Kaberebere, nafika saa saba, na samaki wa saa saba hakuna mke wa mwanajeshi anayemtaka. Bila ranchi hakuna samaki. Bila samaki ninarudi kwenye maharage, na maharage kila mtu anayo.

Ndipo nikafanya kosa.

Kwetu ziwani ukipita kwenye ardhi ya mtu na mzigo wa samaki, unamwachia mwenye ardhi yule mkubwa. Hakuombi. Ukipita bila kumwachia, wewe ni mwizi mwenye adabu. Mimi nilikuwa nimepita wiki tatu na samaki, wamefunikwa majani hakuna aliyewaona, na mzee sijampa kitu. Nikaona haya. Nikachagua ngege wawili, wakubwa, wa kupiga picha, nikawafunga kwenye jani zuri. Nilipofika hapakuwa na mtu nje. Mbele ya nyumba kulikuwa na uchanja, vyombo vya maziwa vimeoshwa, vimepinduliwa vikauke juani, vyeupe kwa kusuguliwa. Nikaona hapa ndipo mahali safi kuliko pote katika boma hili. Nikaweka samaki hapo, katikati ya vyombo. Nikarudi nyuma nikatazama. Nilijisifu.

Mke wa mzee akatoka. Akasimama. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliweka mkono mdomoni, akarudi ndani kinyumenyume. Mzee akatoka, akaona, uso wake ukawa kama ukuta.

"Ondoa hii kitu."

"Mzee, ni zawadi. Ni ngege."

"Ondoa. Na wewe ondoka."

Nikaondoa. Nikaondoka. Mimi nilidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake nilikuta lango limezibwa kwa miiba mpaka juu, na mchungaji amesimama ndani akinitazama kama hajawahi kuniona. Wabeba maziwa wakanikuta pale.

"Mkongo," mmoja akasema, "ni kweli ulimpelekea mzee nyoka?"

"Ni samaki."

"Kwa wazee wetu ni ndugu ya nyoka. Uliweka kwa vyombo?"

"Niliweka."

Akacheka mpaka akashika mti. Mwenzake akaniambia taratibu, kama anamwambia mgonjwa, kwamba wazee wale hawagusi samaki wala harufu yake, kwamba mwenye kula samaki hanywi kwenye chombo kile, kwamba mama alimwaga maziwa na kufukiza kila chombo upya. Siku mbili boma zima halikunywa.

Sasa ningeweza kusema nilijuta. Sikujuta. Nilikasirika. Nilikuwa nimempa mtu kitu kizuri kuliko vyote nilivyonacho. Nikazunguka barabara kubwa miezi minne. Nikifika Makenke saa saba, mke wa sajini anafunua shavu la samaki, analiacha linajifunika lenyewe.

"Huyu amekufa mara mbili."

"Amekufa leo asubuhi, mama."

"Leo asubuhi ya mwezi gani?"

Wenzake wanacheka. Nikarudi na nusu ya mzigo, halafu robo tatu. Tukala samaki nyumbani mpaka watoto wakaomba maharage. Nikaanza kusukuma kwenye vilima ambavyo zamani nilivikanyaga. Si miguu iliyochoka, ni moyo wa kukanyaga.

Mke wangu alinitazama miezi hiyo minne, halafu akasema akiwa anachambua dagaa, hata hakuinua kichwa.

"Baba watoto, uende umuombe yule muzee samahani."

"Nimuombe samahani ya nini? Nilimupa heshima."

"Ulipeleka samaki kwa mutu mwenye hakulake samaki, ukaiweka fasi banakaushaka vyombo vya maziwa. Mutu akuletee panya, aiweke juu ya sahani yako ya bugali, akuambie ni heshima. Utamushukuru?"

"Panya haiko samaki."

"Kwa yule muzee samaki iko panya."

Akaendelea kuchambua.

"Na ile mbao ya karia uitoe uichome. Inanuka mpaka mimi mwenyewe inanishinda, na mie nilizaliwa ku ziwa."

Sipendi kushindwa na mtu anayechambua dagaa. Lakini nilichoma mbao zile. Nikasugua fremu kwa majivu na sabuni, nikabadilisha kamba, nikaweka mbao mpya. Shati nililovaa halikuwa limewahi kwenda ziwani. Nikaenda ranchini bila mzigo wowote, nikaiacha baiskeli mbali na lango, nikakaa chini upande wa nje. Ng'ombe wakaenda kunywa maji. Wakarudi. Mzee alipita mara mbili na hakunitazama. Mara ya tatu akasimama, fimbo mabegani.

"Mkongo."

"Mzee."

"Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimeleta mdomo tu."

"Sema, mdomo."

Nikamwambia desturi yetu ya yule samaki mkubwa. Nikamwambia kwamba hapa nilikosea, sikujua, na ningeuliza ningejua, sikuuliza. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa.

"Mke wangu alimwaga maziwa," mzee akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia siku ile ile."

"Na hukuja."

"Nilikasirika."

"Nani alikukosea?"

"Nyinyi."

Akashusha fimbo, akaichomeka ardhini. "Na sasa?"

"Sasa barabara imenichosha."

Kitu kikatikisika usoni mwake, sikujua kama ni kicheko. "Wewe unajiona najua kila kitu," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Akaondoa miiba kwa fimbo yake, mti mmoja mmoja, nikamsaidia kwa mkono na nikachomwa. Nilipodhani yamekwisha, akaniuliza: "Kesho nabeba nini?"

Ningeweza kusema maharage. Ningepita na maharage kwa raha siku zote za maisha yangu, na watoto wangerudi kwenye maharage nao. Nikasema: "Samaki, mzee. Samaki ndio wanaolisha nyumba yangu."

Hakukasirika. Akachukua vumbi mkononi, akaliachia lidondoke. Vumbi likaenda kwenye zizi.

"Unaona? Asubuhi upepo nakuja toka ziwa. Wewe unapita hapa, harufu naenda kwa maziwa, naenda kwa ng'ombe. Hapa hapana." Akaelekeza fimbo kwenye kilima cha mawe kilichokuwa nyuma ya boma. "Pita kule nyuma. Kule upepo nachukua, napeleka porini."

"Kule hakuna njia."

"Wewe iko na panga?"

"Iko nyumbani."

"Sasa nauliza nini?"

Nilikata njia ile kwa siku tisa. Hakuna kazi niliyoifanya Uganda ambayo ninajivunia zaidi, na nimejenga nyumba mbili. Kilima kilikuwa na mawe, miiba na vichaka vya yale maua madogo ya rangi nyingi yanayochana ngozi. Mzee alikuja kila asubuhi baada ya kukamua, akakaa juu ya jiwe, akaanza kazi yake ya kunikosoa. Mimi nilitaka kupanda moja kwa moja na kushuka moja kwa moja, ndiyo njia fupi.

"Ng'ombe hapana shuka kilima kama jiwe naanguka," akasema. "Tazama ndama wanapita wapi."

"Mimi si ndama."

"Ndiyo. Ndama iko na akili."

Nikakata moja kwa moja, kwa ubishi. Nikajaribu kushuka na gunia la mchanga. Gurudumu la mbele lilikaa kati ya mawe mawili, mimi nikaendelea peke yangu. Mzee aliinuka, akatembea polepole kwa kuzunguka, akiburuza ncha ya fimbo ardhini, kona, halafu kona nyingine, mpaka chini. Nikafuata alama ya fimbo yake na panga.

Lakini na mimi nilimshinda kwa jambo moja, nalo naliandika ili lisisahaulike. Yeye hakujua maji. Nilimwambia mvua ya kwanza itaichukua njia hii yote, akasema nyasi zitashika. Nikapanga mawe kwa kukatiza njia, mstari kila baada ya hatua ishirini, yameinama kidogo upande mmoja, kama tulivyofanya kwetu kwenye milima ya Fizi, ili maji yatoke pembeni yasikimbie na udongo. Mvua ilipokuja, mtaro ulifunguka kwenye njia yake ya ng'ombe mpaka goti. Njia yangu haikupoteza hata kiganja cha udongo. Alikuja kuitazama na mwavuli. Alipiga jiwe moja kwa fimbo, akapiga la pili.

"Haya," akasema, na akarudi nyumbani.

Ikawa njia nzuri kuliko ile ya kwanza. Unapanda kwa kona tano zisizouma, juu unapumua mara moja, halafu unashuka upande wa pili, kona, unaachia, kona, unaachia, mzigo nyuma unakusukuma kama mkono wa rafiki, na mwishoni kuna uwanda mgumu ambapo huna haja ya kukanyaga mpaka mti wa mwiba wenye viota. Nimeupita mteremko ule miaka zaidi ya kumi. Magoti yangu sasa yanaongea, mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tano ninapita mara moja kwa wiki tu, na mkwe wangu anapita siku zingine na pikipiki yake, ambayo haiwezi kona ya tatu mpaka ashuke asukume. Nafurahi kila nikisikia hivyo.

Lakini nataka kumalizia na siku ya kwanza ya samaki kwenye njia mpya. Vikapu viwili, majani mabichi juu, kamba mpya. Nilipofika kona ya juu nilimwona mzee amesimama upande wa boma, mbali, kwenye mwinuko, amekuja kuhakikisha. Ameziba pua kwa pindo la koti lake, ingawa upepo ulikuwa unakwenda porini kama alivyosema. Nikapiga kengele. Akainua fimbo kidogo, asionekane kama ameniona. Nikashuka. Saa nne na robo nilikuwa Makenke, na saa tano vikapu vilikuwa vitupu, mke wa sajini akilalamika kwamba nimechelewa miezi minne.

Kurudi sikuwa na haraka. Kwenye kijito kabla ya ranchi niliosha vikapu na karia kwa mchanga na sabuni, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikanusa, nikanawa tena. Vikapu nikaviacha kichakani. Nikapita lango la zamani, lile la karibu na nyumba, nikalifunga nyuma yangu. Mke wa mzee alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama mikono. Nikamwonyesha pande zote mbili, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu, nikaanza kutazama baiskeli yangu. Halafu akatoka na maziwa, kwenye kikombe cha bati. Si chombo cha mti. Kikombe cha bati cha wageni wasiojulikana. Nikakipokea kwa mikono miwili na nikanywa yote.

Mzee alikaa karibu nami, si karibu sana.

"Hawa wanawake wa wanajeshi," akasema, "wanakula kweli hiyo kitu?"

"Wanakula, mzee."

"Na watoto wao?"

"Wanakula na mifupa wanafyonza."

Akafikiri. Ng'ombe mmoja alilia kule zizini, naye akageuka kumtazama, akarudi kwangu.

"Na wanazaa?"

"Sana. Makenke pamejaa."

Akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, sijui kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya jeshi. Akamwita mke wake kwa lugha yao. Mama akaja na chombo cha mti, akakiinamisha juu ya kikombe changu bila kukigusa, akajaza tena mpaka ukingoni, nami nikanywa yote tena.